Kidole kimoja, laini mbili

Mnaosajili laini chini ya mwavuli pale Darajani, Zanzibar, mtazameni wakala mkononi. Akisema "haijasoma, weka tena," muombe kwanza akuoneshe kioo cha simu yake. Huenda ni jasho tu, futa kidole. Lakini wapo wanaotumia alama ya kidole uliyoweka mara ya pili kusajili laini nyengine, na ikija kutapeli watu, jina litakalotafutwa ni lako.

Piga *106#, fuata menyu, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA). Usiyoijua, nenda na kitambulisho duka la mtandao husika (si kwa wakala yule yule, jamani!) ifungwe. Meseji za "ile hela itume namba hii" zipeleke 15040 pamoja na namba ya tapeli.