Siku Moja Maishani Mwangu: Mpiga Kamera wa Filamu ya Kutisha, Unguja

Saa 10 jioni natoka Ng'ambo na mabegi yangu, na kila ninayepishana naye ananiuliza harusi ya nani. Kwetu ukibeba kamera, basi wewe mtu wa harusi. Leo hakuna harusi. Tunapiga filamu ya muuaji anayewinda watu usiku wa Iddi, na kazi yangu ni mtazamaji aingiwe na hofu kabla hajakiona kisu.

Lenzi, betri, kadi, sala ya magharibi, chakula. Tumeingia Mji Mkongwe.

Saa 2 usiku ndipo shughuli inapoanza. Shoti moja tu, bila kukata: tunaona kwa macho ya muuaji, kichochoroni, mpaka mlangoni kwa binti anayejaribu nguo yake ya sikukuu. Mwaka 1974, kwenye filamu ya kutisha ya Black Christmas, mpiga kamera Bert Dunk alijifunga kamera mwilini akaparamia ukuta wa nyumba kwa ajili ya shoti kama hii. Namheshimu sana mtu yule, hasa mabega yangu yanapoanza kuwaka moto.

Nimeweka lenzi pana, milimita 24, ili kichochoro kionekane kirefu kuliko kilivyo. Nakwenda polepole. Ukiharakisha umeiharibu: mtazamaji lazima apate muda wa kupekua giza, auone mlango uko wazi na binti mwenyewe hana habari.

Ikapita vespa. Tukarudia. Wakapita watoto na bastola zao za sikukuu. Tukarudia. Kisha babu mmoja akatoka na redio yake, akaketi barazani, katikati kabisa ya picha.

"Shikamoo babu. Tunaomba utupishe kidogo."

"Marahaba mwanangu. Baraza hii ya marehemu baba yangu. Wewe piga tu, mie sikuzuii."

Tukambembeleza. Kijana wa taa akamletea kahawa, akainywa taratibu, akauliza bibi harusi yuko wapi. Betri zinakwisha, mwongozaji anashika kichwa, na mie kamera bado iko begani. Nikatazama tena kwenye kioo cha kamera. Babu yule, nusu mwangani nusu gizani, alikuwa ndiye kitu bora kuliko vyote tulivyopiga usiku ule. Nikamwomba mwongozaji tumwache. Azime redio tu, na nikifika mbele yake aitazame lenzi, aseme, "Iddi mubarak, mwanangu."

Akasema. Hapo mtazamaji anajua: muuaji ni mtoto wa mtaa, anasalimiwa barazani.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Mikono inatetemeka, binti amechoka kupiga ukelele, na lazima tumalize kabla ya adhana ya alfajiri. Tukamaliza. Nikahamishia picha kwenye diski mbili, silali kabla ya hilo.

Jioni ni Mnazi Mmoja, kwenye viwanja vya sikukuu, kwa lenzi ndefu. Binti atakimbia kuja kwetu, na kwa lenzi ile ataonekana hafiki.