Badala ya maziwa: hesabu za jikoni kwetu Ipagala

Ipagala, Dodoma. Jumapili jioni.

Binti yetu Neema anakaribia miaka miwili, na katika malezi yake hakuna jambo lililonichukulia muda mwingi wa kufikiri kama kikombe chake. Maziwa ya ng'ombe yanamkataa, na karanga vilevile. Mayai, ngano na samaki anakula bila shida yoyote. Kwa mtu anayelisikia jambo hili kwa mbali, jibu ni jepesi: mtoto akikataliwa na maziwa, atafutiwe kinywaji kingine. Nami niliianza safari hii nikitafuta kinywaji. Leo naandika kwa sababu nadhani hatimaye nimeelewa kwamba kinywaji ndicho kilikuwa sehemu ndogo kuliko zote.

Neema alionja mtindi kwa mara ya kwanza akiwa na miezi saba. Vijiko vichache tu, kisha mabaka mekundu yalianzia kidevuni yakashuka hadi kifuani, midomo ikavimba, akatapika. Daktari wa watoto alitueleza kwamba huo ni mzio wa protini zilizomo katika maziwa, yaani mwili wa mtoto unazichukulia protini hizo kuwa ni adui na kupambana nazo. Alisisitiza tusichanganye hali hiyo na ile ya watu ambao matumbo yao hayamudu sukari ya maziwa, ambao hujaa gesi na kuharisha lakini hawapati mabaka wala kuvimba. Tofauti hiyo inaonekana ya kitabuni, ila jikoni ina uzito mkubwa, kwa kuwa ushauri mwingi niliopewa na majirani wema ulikuwa ni wa sukari ya maziwa na si wa protini. Niligandishe maziwa, kwa sababu mtindi ni mwepesi. Niyachemshe kwa muda mrefu zaidi. Niyachanganye na maji. Bakteria wanaogandisha mtindi hula sukari na kuziacha protini, na kaseini, ambayo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika maziwa, hustahimili kuchemka bila kubadilika sana. Kuhusu maji, maziwa yaliyopunguzwa makali bado ni maziwa.

Kisha likaja suala la mbuzi. Huku kwetu mtu hawezi kuzungumzia maziwa bila mbuzi kutajwa, na aliyemtaja kwa msimamo zaidi ni mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mpwapwa akiwa na chupa ya lita moja iliyofungwa kwa khanga. «Mama Neema,» aliniambia, «watoto wangu wote nimewakuza kwa haya, hakuna aliyetokwa hata na kipele.» Nilimshukuru, nikaiweka chupa juu ya jokofu, nikamwomba mume wangu azungumze naye, kwa sababu yapo mambo ambayo mkwe hamweleweshi mama akabaki na heshima yake. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba watoto walio wengi sana wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hupatwa na yaleyale wakipewa ya mbuzi au ya kondoo. Isitoshe, maziwa ya mbuzi yana upungufu wa folati, vitamini mojawapo ya kundi B. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema wataalamu wa siku hizi wana maneno mengi, kisha akanywa chai ya maziwa yale ya mbuzi yeye mwenyewe kwa siku zote alizokaa kwetu. Sikuona kosa lolote katika hilo.

Kwa maziwa ya mama sikuwa na mashaka, isipokuwa juu ya chakula changu mwenyewe. Protini kidogo za vyakula alavyo mama hupita katika maziwa yake, na kwa kuwa Neema alikuwa na pumu ya ngozi, daktari aliniagiza niache maziwa na vyote vyenye maziwa kwa wiki chache, tuitazame ngozi, kisha niyarudishe tuitazame tena. Ilikuwa Julai, asubuhi za Dodoma zina baridi ya kukata masikio, na chai ya rangi yenye tangawizi ni nzuri lakini si ileile. Ngozi haikubadilika nilipoacha, wala haikubadilika niliporudia. Akaniambia nirudie maziwa yangu bila hofu, maana mama anayenyonyesha naye anahitaji kalsiamu, na kujinyima pasipo sababu hakumsaidii mtoto. Naliandika hili kwa sababu nimekutana na akina mama waliojinyima nusu ya vyakula kwa mwaka mzima bila mtu kuwaambia wavirudishe wapime. Neema ananyonya hadi sasa, asubuhi na usiku, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonya hadi afikishe miaka miwili au zaidi, hivyo hatuna haraka.

Lakini mchana niko kazini Mtumba, na mtoto wa umri huu hali kwa kunyonya peke yake. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiyenyonya angehitaji maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimevunjwa vipande vidogo mno, na bei yake si ya kila nyumba. Neema alikwisha kuvuka mwaka, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi zaidi, na mtu wa kwanza kuupitia alikuwa mfanyakazi mwenzangu aliyeniletea boksi la maziwa ya lozi kutoka Dar es Salaam. Niligeuza boksi nikasoma maandishi ya nyuma, tabia ambayo sasa imekuwa kama ugonjwa. Maziwa ya ng'ombe yana takriban gramu 3.3 za protini katika kila mililita 100. Kinywaji kile cha lozi kilikuwa na nusu gramu. Kilichobaki kilikuwa maji, sukari na rangi nyeupe. Cha mchele kina protini hafifu zaidi, na Uingereza hushauri watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe kabisa kwa sababu ya sumu ya arseniki ambayo mpunga huifyonza kutoka ardhini; wali wenyewe si tatizo, tatizo ni kumfanya mtoto anywe mchele vikombe kwa vikombe kila siku. Cha oti kina takriban gramu moja. Tui la nazi, ambalo huku linatutoka pwani kwa bei ya kusafirishwa, lina mafuta mazuri ya kumtia mtoto nguvu likiungwa kwenye chakula, ila protini yake ni kidogo. Yamewahi kuripotiwa matukio ya watoto waliopata utapiamlo mkali katika nyumba zisizo maskini hata kidogo, kwa sababu kinywaji cha mchele au cha lozi kilishika nafasi ya maziwa kikiwa kimefanana nayo kwa sura tu.

Iliyobaki ni soya, ambayo ina takriban gramu 3 kwa mililita 100 na ndiyo inayokaribia maziwa. Nilisita, kwani soya na karanga ni ndugu wa jamii ya kunde, na pia wapo watoto wenye mzio wa maziwa ambao soya nayo huwakataa. Daktari alisema watoto wengi wenye mzio wa karanga huila soya salama, lakini aonjeshwe kidogo kidogo, mchana, akiwa mzima, na tukiwa karibu na hospitali. Ilimkubali. Soya ya boksi yenye kalsiamu iliyoongezwa hupatikana katika baadhi ya supamaketi za mjini, nayo ina mambo mawili ya kuangalia: isiwe imetiwa sukari, na boksi litikiswe kwa nguvu kila mara, kwa sababu kalsiamu iliyoongezwa hutuama chini, na asiyetikisa humpa mtoto maji ya soya mwanzoni na chokaa mwishoni. Gharama yake, hata hivyo, hairuhusu kuwa kinywaji cha kila kikombe, kwa hiyo siku nyingine natengeneza mwenyewe: naloweka soya usiku kucha, naitoa maganda, naisaga kwa maji, nachuja kwa kitambaa, kisha naichemsha kwa dakika 20 au zaidi nikiikoroga, kwani soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Inatoka nzuri, yenye harufu ya maharage ambayo vijiti vya mdalasini huificha kiasi. Protini imo. Kalsiamu haimo ya kutosha, wala vitamini B12.

Hapo ndipo fikra yangu ilipogeuka. Daktari alikuwa ameniuliza swali ambalo awali nililiona la ajabu: maziwa unayomtafutia mbadala, ulitaka yamfanyie nini mtoto? Protini anaipata kwenye mayai, maharage, soya na samaki. Mafuta ya kumpa nguvu yanatoka kwenye alizeti, na hapa Kanda ya Kati mtu hahangaiki kuyatafuta. B12 imo katika nyama, samaki na mayai. Vitamini D, kwa jua hili la Dodoma, mtoto huipata akicheza uani. Lililobaki ni kalsiamu, na juu ya hilo nilikaa na karatasi na kalamu. FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO, lile la Afya Duniani, wanataja miligramu 500 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, Marekani wanasema 700, Uingereza 350. Nilipoona wakubwa hawa hawakubaliani, nikapata ahueni kidogo, nikaichukua 500.

Gramu mia moja za ulezi zina kalsiamu takriban miligramu 340, ilhali unga mweupe wa mahindi hauna hata kumi za maana. Ulezi wetu huulowesha dada wa kazi, akauacha uchipue kidogo, kisha akauanika, kwa sababu kuchipua hupunguza fitati ambazo hushikilia kalsiamu na madini ya chuma tumboni. Dagaa wakavu ndio hazina kubwa zaidi kwa kuwa huliwa na mifupa yao. Wale wa Ziwa Victoria huja na mchanga wa kuanikiwa, na si mchanga wa kuonekana. Nawaosha kwa maji ya vuguvugu mara kwa mara, nikipitisha vidole chini ya bakuli mpaka visihisi tena punje, ndipo nawatoa vichwa, nawakaanga bila mafuta na kuwasaga. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya mboga hakionekani wala Neema hakitambui. Ubuyu mweupe usiotiwa rangi, ambao mibuyu ya mkoa huu hututupia bila kutuomba kitu, nao una kalsiamu, na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza chuma kutoka kwenye mboga. Mchicha niliuhesabu kisha nikaufuta katika safu ya kalsiamu, kwani iliyomo hushikwa na oksalati. Tunaula kwa sababu nyingine. Kikombe kimoja cha soya ya boksi huongeza juu ya vyote hivyo, na hesabu inafika bila kusukumwa.

Kilichonisumbua kuliko hesabu ni mashine ya kusaga. Unga wa lishe unaouzwa tayari karibu wote una karanga, na baadhi una maziwa ya unga, hivyo sina budi kusaga wangu. Nilikwenda mashine ya mtaani alfajiri kabla ya wateja, mwenye mashine akaipangusa kwa moyo wote, tukapitisha kwanza mahindi ya kuku. Unga wa ulezi uliofuata niliunusa, na ndani yake ilikuwapo harufu ya karanga, nyepesi lakini haikosi. Mahindi yakaenda kwa kuku na ulezi ukafuata njia hiyohiyo. Sasa nasaga kidogo kidogo kwa kikombe cha blenda cha vitu vikavu, ambacho hakijawahi kuingiza karanga, na huchukua muda, na dada hulalamika kwa kelele zake, naye ana haki.

Dada ndiye mlinzi mkuu. Ubaoni jikoni nimeandika anachoweza kula Neema na dalili za kukimbilia hospitali bila kunisubiri: ulimi kuvimba, sauti kukauka, kupumua kwa shida, kulegea. Nje ya nyumba ni vigumu zaidi. Biskuti za shule ya Jumapili zina maziwa, maandazi ya jirani hukandwa kwa maziwa siku za furaha, na mlenda wa nyumba yoyote ya Kigogo inayojiheshimu umeungwa karanga. Tukialikwa nabeba kibakuli chetu, na nimeacha kuona aibu. Mama mkwe, kwa upande wake, amenunua sufuria ndogo ambayo haiguswi na mtu, ya mlenda wa Neema peke yake, wenye nyanya na mafuta ya alizeti. Hakusema neno juu ya maneno mengi ya wataalamu; niliikuta tu rafuni kwake tulipokwenda Mpwapwa.

Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unapanda vizuri, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko karatasi yangu. Watoto wengi huachana na mzio wa maziwa kabla au karibu na umri wa kuanza shule, ilhali wa karanga hudumu kwa walio wengi. Wapo pia wanaomudu maziwa yaliyookwa kwa muda mrefu ndani ya keki hata kabla ya kuyamudu mabichi, kwa kuwa moto mkali wa oveni pamoja na unga wa ngano hubadilisha baadhi ya protini. Daktari amesema Neema akifikisha miaka miwili ataonjeshwa kipande cha keki ya namna hiyo, hospitalini, chini ya uangalizi, wala si jikoni kwangu. Mama mkwe ameomba awepo siku hiyo. Nimemwambia aje, mradi aje mikono mitupu.