Dodoso huharibikia mlangoni

Fomu za leo bado zinapanda kwenye seva, na kichwani limebaki jambo moja: ubora wa takwimu hauletwi na programu ya uchambuzi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Unapatikana, au unapotea, kwenye kibaraza cha nyumba mtaani Manzese, msaidizi wa utafiti akiwa na kishikwambi mkononi.

Chukua swali la saa. Mama wa chapati anasema anaamka saa 10 alfajiri. Kishikwambi kinataka 04:00. Ukiandika 10:00 programu inapokea bila kugoma, maana 10:00 nayo ni saa halali, na mchambuzi anakuja kukuta mtu wa biashara ya asubuhi anayeamka saa nne. Kwa hiyo kila jibu la saa lirudie kwa mdomo: "Kabla ya adhana ya alfajiri au baada?" Kisha ndipo ujaze.

Maswali ya kukanusha ni hatari zaidi. "Hujawahi kupima malaria mwaka huu?" Akijibu "ndiyo", wengi wanamaanisha "ndiyo, sijawahi", na wewe unabonyeza kinyume chake. Swali kama hilo liandikwe upya wakati wa majaribio ya dodoso: "Umewahi kupima malaria mwaka huu?" Msaidizi asiligeuze kimyakimya akiwa mtaani, kwa sababu wenzake wataendelea kuuliza lile la zamani na majibu hayatalinganishika.

Halafu kuna kaya. Nyumba ya uswahilini yenye vyumba sita ina choo kimoja, mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), na pengine kaya tano. Ukimuuliza mwenye nyumba "mko wangapi hapa?" atakuhesabia na wapangaji. Anza na chakula: nani na nani wanakula chungu kimoja? Kwenye umeme, "kwa mwezi mnatumia shilingi ngapi?" halijibiki kwa watu wanaochangishana. Uliza alichanga kiasi gani mara ya mwisho, na umeme ule ulikaa siku ngapi.

Vibali havina njia ya mkato: barua ya chuo inapita mkoa, wilaya, kata, hadi ofisi ya mtaa, na nakala yenye mhuri unatembea nayo. Mjumbe wa mtaa akikusindikiza, shukuru, maana bila yeye milango mingi haifunguki. Ila kabla ya maswali ya kipato au huduma za serikali, muombe kwa adabu awasubiri nje. Akikaa pale kwenye mkeka, mhojiwa atajibu kwa kumtazama yeye, na hata ile ridhaa aliyosaini inakuwa na mashaka.

Mahojiano yaliyorekodiwa yapewe jina la faili jioni ileile: namba ya mhojiwa, mtaa, tarehe, kamwe si jina lake. Kunukuu, yaani kuandika neno kwa neno, saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita, zaidi kama bodaboda zilikuwa zinapita dirishani, na anayepanga bajeti asiyelijua hilo atawalipa vijana siku moja kwa kazi ya siku mbili.