Huyu hapa ni mimi

Mnaosubiri picha za daraja mnisamehe. Nilizipiga dirishani nikienda Sengerema kumwona mama, na katika zote kuna kisogo cha abiria wa kiti cha mbele. Wiki hii pia dada amejifungua (wa kiume, kilo 3 na nusu, wote wazima), kazini wakaguzi wamekuja wakahesabu mpaka dawa za minyoo wakaondoka zao, na mimi kichwani nina mtu mmoja tu, mzee wa mwaloni, kule soko la samaki la ziwani hapa Mwanza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilishuka Kirumba kumnunulia dagaa paka wangu Furu, maana Furu mnamjua: ukimpa wale wa duka la mtaani anawatazama wao, halafu anakutazama wewe. Kamera ilikuwa begani. Nilitaka wale korongo wenye upara wanaosimama juu ya mapaa ya mwaloni kama mahakimu waliocheleweshewa mshahara, lakini jua lilikuwa limeshakuwa kali na kila picha ilitoka nyeupe. Nikaacha, nikaenda kwenye magunia.

Mzee alikuwa amekaa juu ya gunia na vijana wawili, wanasubiri mtu awalipe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unapiga za pasipoti?"

"Hapana, baba. Mimi napiga ziwa."

"Ziwa!" Akawageukia vijana wake. "Sasa ziwa linakulipa shilingi ngapi?"

Nikatoa simu nikamwonyesha ile picha ya Igombe. Wa siku nyingi hapa mnaijua: usiku wa giza, mimi na mbwa wangu Kamanga juu ya mawe, kamera kwenye stendi, shata (kile kijimlango cha kuingiza mwanga) nimeiacha wazi sekunde 30. Taa za wavuvi wa dagaa zinaelea majini juu ya maboya, mawimbi yanazipeleka huku na huku, kwa hiyo kwenye picha kila taa imejichora kijistari cha dhahabu. Zote isipokuwa moja, kushoto kabisa, ambayo imekatika ikawa nukta, nukta, nukta. Yule kaka aliyeniuzia lenzi aliniambia nizifute, akaziita uchafu. Neema, mwenzangu wa famasi, naye alisema hivyo hivyo, na Neema picha pekee anazopiga ni za chakula chake. Sikuzifuta. Uvivu ulichangia, siwezi kukataa, lakini pia sipendi kufuta kitu kilichokuwepo.

Mzee aliishika simu kwa ncha za vidole, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imelowa. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. Halafu akaweka kidole kushoto kabisa.

"Huyu hapa ni mimi."

"Umejuaje, baba?"

"Taa yangu moja ilikuwa na waya mbovu. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima." Akanirudishia simu. "Kumbe inaonekana mpaka nchi kavu."

Basi. Mwenye hela akafika, wakainuka, na mama muuzaji akaniongezea dagaa kiganja kizima ambacho sikukiomba. Jina la mzee sikulipata. Mwaloni watu wanaulizana bei.

Nilipanda kilima cha Kitangiri nikicheka peke yangu. Nimepiga picha miaka yote hii, nimeambiwa nzuri, nimeambiwa hongera, nimeambiwa "unatumia simu gani?" nikiwa nimeshika kamera. Hakuna aliyewahi kuweka kidole kwenye doa la mwanga akaniambia yeye ndiye yumo humo. Nilimsimulia Kamanga tukizunguka jioni, na kwa upande wake Kamanga alikuwepo usiku ule, alilala juu ya mguu wangu mpaka ukafa ganzi. Jumapili nilikuwa nimepanga kuvuka kwenda Saanane kuwatafuta wale mijusi wenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, ambao hata jina lao la kisayansi, *Agama mwanzae*, limechukua jina la mji wetu. Sikwenda. Nilikaa nikaikuza picha kwenye kompyuta, kona ya kushoto tu, nikahesabu nukta, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Jumatatu famasi mteja akaniuliza dawa yake anameza vipi. Kidogo nimwambie inawaka, inazima.

Neema hakuniamini. Alisema mvuvi yeyote ukimwonyesha taa usiku atakwambia ni yeye, na kwamba ningemwonyesha picha ya meli angesema ndiye nahodha. "Dada, alitaka umchapishie bure." Lakini hakuomba! Hakuomba picha, hakuomba hata nimtumie. Nikamwambia Neema ningekuwa namdanganya mtu ningechagua taa iliyo katikati, ile kubwa inayong'aa, nisingekwenda kujichagua kwenye kona iliyoharibika. Akasema hilo ndilo linaloonyesha mzee ni mjanja. Neema akikwambia mvua inanyesha, toka nje ukahakikishe, lakini akitilia shaka jambo hakuachii.

Nikaanza kutafuta ushahidi kama hakimu. Faili linaonyesha tarehe na saa, na ni kweli mwezi haukuwepo. Hilo halisaidii kitu, dagaa huvuliwa gizani, mbalamwezi ikitoka taa zao hazina kazi na wavuvi wanapumzika. Nikajiuliza kuhusu taa yenyewe. Enzi za babu yangu zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na karabai ikiharibika inafifia mpaka izime, haiwezi kuwaka na kuzima hivyo. Hizi za betri za siku hizi ndizo zenye waya wa kulegea. Kwa hiyo maneno yake yanakaa sawa na picha. Na mimi sikuwa nimemwambia lolote kuhusu zile nukta. Kwenye simu, juani, ni ndogo kuliko punje ya mtama. Alizionaje kama hakuwa anajua pa kutazama?

Nilitaka niishie hapo. Ila kuna kipande ambacho sikumsimulia Neema, wala Kamanga.

Mzee aliposema inaonekana mpaka nchi kavu, kijana wake mmoja alidakia: "Si ndiyo ile uliyokatwa!" Wakacheka. Mzee naye alicheka, lakini alimaliza kabla yao.

Siku ile niliipita hiyo sentensi kwa furaha yangu. Ilinirudia Jumanne usiku, nikiwa napiga mswaki. Tajiri wa mtumbwi alimkata taa kwenye mgao. Na si taa peke yake. Dagaa wanakusanyika chini ya mwanga. Ukiwaka na kuzima wanasambaa, unavuta nyavu unakuta maji. Usiku wa giza ukiharibika haulipwi na usiku mwingine, kwa sababu mwezi hausubiri mtu kutengeneza waya. Mimi saa ile nilikuwa juu ya jiwe na chupa ya chai na chapati, namwomba Mungu upepo usizidi nipate picha yangu. Nukta ninazozihesabu nikifurahi ndizo alizokuwa anazitazama yeye kutoka upande wa pili, na sidhani kama alikuwa anasema ni dhahabu.

Sasa siijui tena ile sauti. Nimeirudia mpaka imechakaa. Wakati mwingine naisikia kama mtu aliyefurahi kuonekana. Wakati mwingine naisikia kama mtu aliyegundua kwamba aibu yake ilionwa na kilima kizima. Kidole kilikuwa kimetulia, hilo nina uhakika nalo. Uso sikuutazama, nilikuwa natazama simu, kama tunavyofanya wote.

Jana nimeichapisha, saizi ya kadi, kwa yule kijana wa studio mjini. Aliikuza kwenye kioo chake akaniuliza, "Dada, huku kushoto nisafishe?" Nikamwambia akithubutu asinione tena mlangoni kwake. Ameshtuka maskini, hajui kisa. Picha iko kwenye bahasha, kwenye mkoba, na mwaloni nimeambiwa mzee amekwenda kwao Ukerewe kwa sababu ni mbalamwezi, atarudi giza likirudi. Neema anasema nikimpa nitakuwa namkumbusha hasara. Mama, kwa simu, anasema mpe, mtu mzima anajua mwenyewe pa kuitundika au pa kuichoma. Namwelekea mama.

Jambo jingine, na hili naomba mwenye mbwa mzee anisaidie. Kamanga anakunywa maji sana. Bakuli naliacha limejaa usiku, asubuhi liko tupu, na si joto, maana Furu kwenye bakuli lake hajagusa. Tangu siku nilipomwokota pale kwenye kivuko hajawahi kuwa hivi. Anakula vizuri, mkia unafanya kazi, lakini amekonda mgongoni na juzi alikojoa ndani, kitu ambacho hajafanya tangu akiwa mdogo, akajificha nyuma ya kabati. Daktari wa mifugo amesema nimpeleke Jumatatu asubuhi kabla hajala, apimwe damu na mkojo. Mkojo wa mbwa unakingwaje? Na Jumatatu asubuhi zamu ni yangu, Neema yuko likizo, na bosi tangu wakaguzi waondoke hataki kusikia neno ruhusa.