Tangi la Davis na nyutrino zilizopungua

Kila ninapoulizwa wanafizikia walijuaje kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, hubadilika aina zikiwa safarini, huanzia kwenye mgodi wa dhahabu wa Homestake, katika jimbo la South Dakota, Marekani. Huko, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, mwanakemia Raymond Davis alijaza tangi lita zipatazo 380,000 za kimiminika chenye klorini, kile kile ambacho madobi husafishia suti bila maji. Nyutrino ya jua ikiigonga atomu ya klorini, huigeuza kuwa argoni; basi kila baada ya wiki kadhaa Davis alipitisha gesi ya heliamu tangini, akazoa atomu za argoni zisizozidi makumi kutoka katika tani zaidi ya 600, kisha akazihesabu kadiri viini vyake vilivyovunjika.

Hesabu hiyo iliendelea miaka mingi, na kila mara ilitoka takriban theluthi moja tu ya kile mwanafizikia John Bahcall alichokadiria kwa kukokotoa jinsi jua linavyowaka. Wapo waliosema Bahcall hakulijua vyema joto la kitovu cha jua, na wapo walioona ni muhali kuokota atomu chache kiasi hicho bila kupoteza nyingine, ingawa Davis alikwisha kutia tangini argoni ya kiasi kinachojulikana na kuipata karibu yote.

Mwaka 1998, kigunduzi cha nyutrino cha Super-Kamiokande, Japani, chenye tani 50,000 za maji, kilionyesha kuwa nyutrino za muoni, moja ya aina tatu za nyutrino, zinazozaliwa angani hupungua kwa karibu nusu zikitokea chini, yaani zikiwa zimeipenya dunia nzima. Kisha watafiti wa kigunduzi cha Sudbury, Kanada, kwa kutumia tani 1,000 za maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni ya aina nzito, wakahesabu nyutrino za jua za aina zote tatu kwa pamoja, na jumla ikalingana na makadirio ya Bahcall. Kumbe hakuna aliyekosea: tangi la Davis lilikuwa likiona aina ya elektroni peke yake, na nyingi zilikwisha kubadilika kabla ya kulifikia.

Badiliko hilo haliwezekani bila tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika chembe, maana chembe isiyo na tungamo husafiri kwa kasi ya mwanga na kwake muda haupiti, basi haiwezi kubadilika njiani, ilhali nadharia iliyokubalika ilizihesabu nyutrino kuwa hazina tungamo kabisa.

Davis alipewa Nobeli mwaka 2002, akiwa na miaka 88. Takaaki Kajita wa Super-Kamiokande na Arthur McDonald wa Sudbury wakapewa mwaka 2015. Bahcall alifariki mwaka 2005 bila kuipata, jambo ambalo mimi hadi leo naona halikuwa haki.