Kikebe cha Chuma pale Kaloleni

Tulipoandaa maonyesho ya historia ya mtaa pale Kaloleni, Nairobi, mimi nilipewa meza ya mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kupokea vitu vya watu, kuviandika daftarini na kuvibandika namba. Sikuiomba. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu aliyeamini kwamba jambo lisilo na fomu halijafanyika, alisema mwandiko wangu unasomeka, basi ikapita.

Chama chetu kilikuwa cha watu wachache kutoka Kaloleni, Makongeni na Mbotela. Ofisi hatukuwa nayo, hela ndiyo usiseme. Tulichojivunia ni ukumbi. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940, mateka wa vita wa Kiitaliano wakiwa miongoni mwa waliotiwa kazini, na siasa zilivyochemka ndani ya ukumbi ule kabla ya uhuru, watu wakaubandika jina la Bunge. Kwa hiyo hatukuhitaji kuhangaika kutafuta mahali penye historia. Tulihangaika kutafuta viti.

Wiki chache kabla, kamati ilikuwa imetembelea Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ili tuone jinsi vitu vinavyopangwa na maelezo yanavyoandikwa. Tulikaa sana kwenye lile behewa ambamo simba alimkamata afisa wa polisi, Charles Ryall, usiku mmoja wa mwaka 1900 kule Kima. Ni kisa kitamu, hakuna mtoto wa Nairobi asiyekipenda. Lakini tukiwa kwenye matatu kurudi, mama mmoja wa kamati alituuliza kama kuna anayeweza kumtaja kibarua hata mmoja kati ya wale Wahindi karibu 2,500 waliokufa reli ikijengwa. Matatu nzima kimya. Ndipo tukakubaliana kwamba maonyesho yetu yataanza na vitu vya wenye mtaa wenyewe.

Wenye mtaa walituletea pasi za makaa. Sijui nani aliwaambia watu kwamba historia maana yake ni pasi ya makaa, lakini nilizipokea mpaka mwenyekiti akasema zitoshe. Zilikuja pia redio za mbao, picha za studio watu wakiwa wamekodolea macho kamera, na tikiti za treni za enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, maana wengi pale ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa reli.

Jumamosi tulikuwa na mazungumzo. Mhadhiri kijana wa chuo kikuu alikuja kutueleza habari za kipande, ile karatasi ya kuandikishwa ya enzi za ukoloni. Alijua kitu chake. Alieleza kwamba sheria ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, na ikamlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu kuandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole, kisha atembee na karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma. Wengi walikivaa shingoni. Alimtaja Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922 kwa kupinga mambo kama hayo, na umati uliopigwa risasi ulipokwenda kudai aachiliwe, mbele yake akiwa Mary Muthoni Nyanjiru. Vijana waliokuwa wamejazana nyuma waliacha simu zao walipofika hapo.

Mhadhiri alipofika kwenye mwaka 1947, sheria mpya ya vitambulisho vya watu wa rangi zote ilipochukua nafasi ya ile ya kipande, nikaona shosho mmoja wa Mbotela ananyanyuka safu ya pili. Hakuenda mbele. Alikuja mezani kwangu, akafungua pindo la leso, akaniwekea kikebe.

Kilikuwa bapa, kinaenea kiganjani, na kamba ilikuwa imelisugua tundu lake mpaka limeng'aa. Kifuniko kilikataa kufunguka, akakigonga kidogo kwenye kona ya meza kwa namna ya mtu aliyekwisha kukigonga hivyo mara nyingi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo yenyewe imetoboka. Mistari ya wino: jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, sahihi. Shilingi 12 kwa mwezi. Mstari mmoja katikati ulikuwa na tarehe ya kuingia, halafu mbele yake patupu.

"Unaona hapo hapajaandikwa?" aliniuliza.

"Naona, shosho."

"Mzungu wa shamba alikataa kutia sahihi. Baba akaondoka hivyo hivyo, mama yake alikuwa mgonjwa. Wakamshika njiani, wakamfunga."

Mhadhiri alikuwa ametueleza dakika chache tu zilizopita kwamba kuondoka bila sahihi ya mwajiri lilikuwa kosa la kufungwa. Nilikuwa nimeyasikia na kuyaelewa. Lakini pale nilikuwa nimeweka kidole juu ya nafasi yenyewe, upana wake kama ukucha.

Basi nikatoa fomu, ile ya mwenyekiti. Ilisema mwenye kitu "amekitoa kwa chama" na chini ilikuwa na mahali pa sahihi au dole gumba. Shosho akavaa miwani akaisoma yote, polepole, foleni ikisubiri. Akanyoosha mkono apewe kalamu. Akakata neno "amekitoa", akaandika juu yake "amekiazima", akaongeza "mpaka Jumapili jioni". Akatia sahihi. Mwenyekiti, aliyekuwa amesogea kuona foleni imekwama kwa nini, akamwomba kwa heshima aweke na dole gumba ili iwe kamili, maana kitu chenyewe ni cha thamani.

"Mwalimu," shosho akamwambia, "kwetu baba alishatoa vidole. Hivyo vinatosha."

Waliokuwa karibu walicheka, mwenyekiti naye akacheka kwa kuchelewa. Akajaribu kumshawishi kwamba nyumbani karatasi italiwa na mende, kwamba afadhali ikae mahali salama. Kwa kweli hilo lilikuwa na maana, ile karatasi isingehimili miaka mingine mingi ndani ya leso. Tukaafikiana kwamba mhadhiri aipige picha pande zote mbili, shosho apate nakala kubwa ya kutundika ukutani, na karatasi yenyewe irudi kwake ndani ya bahasha nzuri.

Jumapili saa kumi na moja alikuwa mlangoni, amekuja na mjukuu wake kama shahidi. Alikifungua kikebe mbele yangu, akahesabu mikunjo, akanirudishia bahasha: alitaka kubwa kidogo.

Mwenyekiti alichapa fomu upya wiki hiyo hiyo, sehemu ya dole gumba akaifuta. Akanituma nimwombe shosho awe msemaji wa mazungumzo yajayo. Alikubali kwa masharti: aende mwanzo kabla watu hawajachoka, akae kwenye kiti chenye mgongo, na zile pasi ziondolewe mbele, zinamkumbusha kazi.