Nyayo kumi, nyayo sita

Jana jioni binti yangu amerudi anaikokota baiskeli yake, jasho linamtiririka, kilima cha Ilboru kimemshinda tena. Hata salamu hakutoa. "Baba, kwenye mlima naweka gia kubwa au ndogo?"

Nilikuwa nimechuchumaa nje naosha cheni, mswaki wa zamani mkono mmoja, kopo la mafuta ya taa mkono mwingine. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini harufu ile ilikuwa imeshanifikisha Mombo, chini ya milima ya Usambara.

Ilikuwa 2008, mwaka wangu wa pili wa kufundisha. Ile nyekundu ya mtumba niliitoa Tanga mjini kwa mshahara wa mwezi mzima, na aliyeniuzia aliapa kwamba ni baiskeli ya milimani, kwamba kwa gia zake 21 hakuna mlima utakaonisumbua. Mama alikuwa Soni. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na Soni iko karibu nusu ya njia. Unaanzia chini kwenye joto na mkonge, mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, halafu barabara inakunjana na miamba hadi Lushoto, karibu mita 1,400. Nilitaka Jumamosi nimfikie mama kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumamosi tatu mfululizo nilishindwa. Kona ya tano au ya sita mapaja yanawaka moto, pedeli inagoma, natia mguu chini. Malori ya kabichi yananipita yakishuka, na mimi nimesimama ukingoni nahema. Nikaamini miguu yangu ndiyo mibovu. Nikaanza kukimbia alfajiri.

Fundi alikaa chini ya mwarobaini, si mbali na stendi. Mzee, umri wa baba yangu mkubwa, na baiskeli yake nyeusi aina ya Phoenix imeegemea mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo imekufikisha wapi?"

Nikamweleza. Hakuniambia nikaze moyo wala nifanye mazoezi. Alinitazama mfuko wa shati. "Hiyo ni chaki? Hebu."

Akaipeleka ile nyekundu kwenye saruji mbele ya duka la jirani. Pale tairi la nyuma lilipogusa chini akachora mstari. Akaishusha pedeli ya kulia hadi chini kabisa, akaniambia nishike usukani baiskeli isianguke. Kisha akainama akaanza kuizungusha pedeli kwa mkono, taratibu, kama anayesaga kitu. Baiskeli ikasogea. Pedeli ikapanda, ikavuka juu, ikashuka, ikarudi palepale ilipoanzia. "Simama!" Akachora mstari wa pili.

Alikuwa amevaa katambuga. Akaweka kisigino kwenye mstari wa kwanza, akaanza kupima, kisigino kikigusana na ncha ya kiatu cha mbele, mikono kaitandaza kama mtoto anayetembea juu ya ukuta. Watu wawili watatu walishaacha shughuli zao, wanatazama. Moja, mbili, tatu. Kidole cha katambuga kiligusa mstari wa pili kwenye kumi.

"Mguu wako ukizunguka mara moja," akasema, "unaulazimisha ukupandishe nyayo kumi. Pale konani nyayo kumi ni nyingi, mwalimu. Tuzipunguze."

Akafuta gia kwa kitambaa, akapaka jino moja chaki asipotee, akahesabu. Gia kubwa kuliko zote ya nyuma ilikuwa na meno 28. Mbele, cheni ilikuwa kwenye ile ya katikati, meno 38. Ile ndogo ya mbele, meno 28, rangi yake ilikuwa bado nyeusi tii. Cheni haikuwahi kuigusa tangu niinunue, maana waya wa kuihamishia huko ulishika kutu ndani ya mpira wake. Gia 21 nilizouziwa zilikuwa 14, na saba zilizokosekana ndizo za mlima. Akabadili waya, akapima tena: nyayo saba na kidogo. Akatikisa kichwa. "Bado. Agiza ya nyuma yenye meno 34."

Ilichukua wiki mbili kuja kutoka Tanga, konda wa basi akaileta imefungwa kwenye gazeti. Ya zamani iling'ang'ania, tukaibana kwenye jiliwa, tukalishika gurudumu wote wawili kama usukani wa lori, hadi ikaachia. Cheni nayo ikawa fupi. Akaongeza pingili mbili, akanionyesha kwa nini: ukihamia gia kubwa na cheni haitoshi, itakivuta kile kimkono cha nyuma kinachoikaza hadi kivunjike. Akapandisha kiti mpaka kisigino changu kikagusa pedeli goti likiwa limenyooka, akakisogeza mbele kidogo ili gurudumu la mbele lisinyanyuke mlimani, akajaza upepo hadi tairi likawa gumu. Akaomba chaki. Nyayo sita.

Jumamosi ile kona ya sita niliipita bila kujua kwamba ndiyo ile. Miguu inazunguka haraka, baiskeli inakwenda polepole, pumzi iko. Sikuwahi kujua kama mlima unaweza kukuacha ukasikia ndege.

Mbele nikamwona mtu anasukuma baiskeli. Ni fundi. Kwao ni juu ya Soni, na kila Jumamosi alirudi na gunia la unga kwenye keria. Phoenix haina gia za kubadili: kushuka unapanda, kupanda unasukuma. Kwa nyayo sita mwendo wangu ulizidi kidogo tu wa mtu anayetembea, kwa hiyo tukaenda sambamba, yeye anasukuma, mimi nakanyaga, tunazungumza. Aliinamisha sikio kuelekea cheni yangu. "Haigombi," akasema, na uso wake ulifurahi kweli.

Barabara ikainuka. Akasimama, akasukumia jiwe nyuma ya tairi, akajifuta jasho. Nikapunguza mwendo. "Nenda, mwalimu! Usitie mguu chini!"

Nikaenda. Nilitaka sana kufika Soni bila kutia mguu chini, na nilifika, na mama alinipokea kwa kigelegele pale mlangoni.

Binti yangu bado alikuwa amesimama anasubiri. Nikamwambia usiseme kubwa wala ndogo, sema nyepesi: mbele ndogo, nyuma kubwa, na uihamishe kabla mlima haujakushika, maana ukishakwama cheni haihami. Nikachukua chaki tukapima ya kwake pale uani. Amerudi kilimani kabla giza halijaingia.

Mimi nimebaki na cheni yangu na lile gunia. Sijui kama mzee angekubali, labda angekataa. Lakini hata kumuuliza sikumuuliza, na keria yangu siku ile ilikuwa tupu.